Mume Wetu wa Korogwe

Mwanamume wa kwanza niliyempenda alikuwa fundi wa mashine za mkonge. Aliishi Kilole, pale Korogwe, katika chumba cha kupanga chenye mlango wa bluu. Alikuwa Msambaa wa milimani, mtu wa sauti ya chini, mwenye kikohozi kidogo kilichotokana na vumbi la mkonge, na alipocheka alifunika mdomo kwa mkono kama aliyeshikwa na haya. Hakula bamia. Kabla ya kupanda baiskeli yake alipangusa tandiko kwa kiganja, hata kama halikuwa na vumbi. Nayajua mambo haya yote kwa sababu niliyatunga mwenyewe, isipokuwa baiskeli. Baiskeli alipewa na binamu yangu.

Nilimtunga kwenye foleni ya maji.

Kijiji chetu kilikuwa bado kipya. Zamani kila ukoo ulikaa peke yake katikati ya mashamba yake, na ukitaka kumwona jirani ulitembea mpaka kivuli chako kigeuke upande. Kisha tukaambiwa tusogee pamoja, upande wa Mkata, tujenge nyumba kwa mistari iliyonyooka na tulime shamba moja kubwa, nasi tukasogea. Mjomba alibeba milango yake kichwani. Wanawake walibeba mafiga. Kilichonishangaza zaidi katika makao yale mapya ni sauti: nilikuwa sijawahi kulala huku nikisikia watu wa nyumba nyingine wakikohoa. Katika mistari ile kila mtu alijua chungu cha mwenzake kina nini, nani amenuniana na nani, na binti wa nani amefikia wapi.

Handeni ni nchi ya kiu. Mvua ikikawia, lambo letu lilinywea likabaki dimbwi katikati, na wanawake walipanga ndoo na madebe wakingoja maji yatulie ndipo yachotwe. Asubuhi nzima iliishia hapo. Watu wanaongoja maji hutafuta kitu cha kutafuna, na miaka ile kitu hicho kilikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikachaguliwa kuwa mwalimu wa kisomo. Kila alasiri nilisimama ndani ya ghala la kijiji, mbele ya ubao, nikiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Wasichana niliowekwa nao ndani tulipovunja ungo, tukafundwa pamoja na kuchezewa ngoma siku moja, wote walikuwa wameolewa. Wengine walishakuwa na mtoto wa pili mgongoni. Mimi nilikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa kijijini, mwembamba, nisiyejua kucheka panapotakiwa kicheko, na hakuna mshenga aliyewahi kupiga hodi kwetu.

"Mwalimu, leo unamchotea nani?" mmoja aliuliza.

"Anamchotea mume wake, ubao," mwingine akajibu kwa niaba yangu. "Hamwoni anavyompangusa kila siku?"

"Heri ubao. Hauli, hauchelewi kurudi, haupigi."

"Tena haumwachi. Ubao utamwachaje, na hauna miguu?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Alasiri ileile walikuja ghalani, wakaketi juu ya magunia, wakaniita mwalimu kwa heshima na kufuatisha kila nililosema. Sikuwachukia. Nadhani hata wao walinipenda, kwa namna mtu anavyompenda mbuzi wa jirani anayemchekesha.

Lakini siku moja walimgeukia mama. Baba yangu alikuwa amefariki zamani, na mama alikuwa amerudi kuishi kwa kaka yake, huyo mjomba aliyebeba milango. Kwetu mahindi makubwa ya mbegu hutundikwa juu ya meko, moshi uyakaushe, wadudu wasiyaguse mpaka msimu mwingine. Mwanamke mmoja akamwambia mama, "Mwenzangu, huyu binti yako umemtundika juu ya meko? Unamweka mbegu?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama naye akacheka. Alicheka kwa nguvu, kwa muda mrefu kuliko wote. Tuliporudi alitangulia mbele yangu, na nikaona debe likimtetemeka kichwani, maji yakimchuruzika shingoni mpaka mgongoni, wala hakuinua mkono kuyafuta.

Kiangazi kile nilipelekwa Korogwe kwenye semina ya walimu wa kisomo. Tulilala kwenye madarasa ya shule, tukafundishwa namna ya kumfundisha mtu mwenye umri wa mama yako bila kumtia aibu. Jioni nilitembea sokoni peke yangu, nikatazama malori ya mkonge yakipita na marobota meupe, na watu wa mjini wakanipita kama wanavyopita nguzo. Niliporudi nyumbani na kupanga ndoo yangu, wakaniuliza nimewaletea nini.

"Sikuleta kitu," nilisema. "Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Mtu."

Kicheko kilichokuwa kimeshaandaliwa kilikwama. Wakasogea.

"Mtu gani?"

"Fundi."

"Fundi cherehani?"

"Fundi wa mashine za mkonge."

"Mzigua mwenzetu?"

"Msambaa."

"Anaswali?"

"Anaswali."

Kila swali lilimtia mfupa mmoja. Walipomaliza kuuliza, na ndoo yangu kujaa, mtu yule alikuwa amesimama kwa miguu yake, ana mama yake milimani, ana chumba Kilole, ana kikohozi. Wanawake wawili wakanitwika ndoo. Hakuna aliyewahi kunitwika kabla ya siku ile.

Mama hakuniuliza chochote. Jioni alinipakulia bada, ugali wa muhogo, na samaki mkavu, na kipande alichoniwekea kilikuwa kile kikubwa, ambacho siku zote kilikuwa cha mjomba. Mjomba alikiona. Alikula, akanawa, kisha akasema, "Nimesikia."

"Ndiyo, mjomba."

"Watu wake watakuja lini?"

Kwetu mjomba ndiye msemaji wa binti wa dada yake. Posa hupelekwa kwake, naye ndiye anayejibu. Nikamwambia anajenga kwanza, kwao milimani, na akimaliza watakuja. Baada ya mavuno.

"Basi, baada ya mavuno," alisema.

Alilisema kwa upole, lakini nilijua nimefungiwa mlango kwa nje. Mavuno yakifika na mshenga asitokee, kile kicheko cha mama lambo lingekisikia tena, na safari hii asingeweza kucheka kuwashinda.

Hata hivyo mavuno yalikuwa mbali, na mimi nilikuwa na mchumba. Ilinibidi awe na habari. Nilianza kwenda Mkata, barabarani, mahali mabasi yanaposimama na wachuuzi wanakimbilia madirisha na mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha. Nilisimama ng'ambo ya pili nikiwa nimevaa vizuri. Basi la kutoka Korogwe lilipofika niliwatazama abiria mmoja mmoja, na moyo wangu ulienda mbio kweli, kama wa mtu anayemngoja mtu. Lilipoondoka nilibaki kwenye vumbi lake kidogo, kisha nikarudi kijijini na salamu. Amesema mvua kwao imenyesha. Amesema kikohozi kimepungua. Mara moja nilijinunulia kitambaa cha kichwa chenye maua ya njano, nikakivaa lamboni, na waliponiuliza niliinamisha kichwa tu.

Mtu mmoja hakuridhika na salamu hizo: binamu yangu, binti wa mjomba. Tulilingana umri. Yeye alikuwa amewahi kuolewa akaachika mapema, na kwa kuwa alikuwa mzuri na mwenye mdomo, hakuna aliyethubutu kumchezea. Na mimi na yeye tulikuwa watani. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi kwetu ni watani tangu kuzaliwa: atachukua chakula chako mdomoni, atakuita mchawi mbele ya wageni, na mume wako atamwita wake, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza binamu yangu alikuwa akipaza sauti katikati ya foleni, "Mume wetu hajambo? Mwambie mke mdogo anamsalimu, na anapika vizuri kuliko mke mkubwa!" Watu walicheka, nami nikacheka nao. Kilikuwa kicheko kitamu kupita vyote nilivyowahi kucheka, kwa sababu kilikuwa cha kwangu pia.

Tulikuwa tukilinda mahindi dhidi ya ngedere, mimi na yeye juu ya dungu, kile kichanja cha miti kinachojengwa shambani, tukipiga debe tupu na kupiga kelele. Mchana ulikuwa umetulia, mahindi yametoa ndevu, upepo unapita juu yake kama mkono unaopapasa kitambaa. Akaniuliza, bila utani, "Hivi anakupenda kweli, au anakuchezea?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote waliuliza habari zake. Yeye aliuliza habari zangu. Nikalia. Nikamwambia hakuna mtu kama huyo Kilole wala popote, nimemtunga kwenye foleni kwa sababu ya mama.

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka akalala chali juu ya dungu, machozi yakamtoka, ngedere wakaingia shambani wakala wanavyotaka.

"Na kikohozi je?"

"Nimekitunga."

"Hata kikohozi! Mwanamke wewe!" Akaketi, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Sitasema. Nisikilize: sitasema. Lakini mbona umemnyima hata baiskeli? Fundi mzima anatembea kwa miguu? Mpe baiskeli."

Tukampa baiskeli. Yeye ndiye aliyebuni kupangusa tandiko. Mimi nikabuni bamia. Siku zote zilizobaki za kulinda zilikwenda hivyo, na nikiambiwa leo nitaje wakati niliokuwa na furaha katika ujana wangu, nitataja zile siku za dungu, wasichana wawili juu ya mahindi wakimtengeneza mwanamume kidogo kidogo, wakimpa mashati, wakimgombeza, wakimsamehe. Tulikubaliana hata namna ya kumwondoa: mavuno yakikaribia, tungesema amepelekwa shamba la mbali, kisha salamu zingepungua, kisha zingekatika. Ningelia kidogo. Watu wangenipa pole, na mama asingechekwa tena, kwa sababu binti yake aliwahi kutakwa.

Katika siku hizohizo binamu yangu alikwenda Korogwe kumuuguza ndugu wa mama yake. Siku ya kuondoka nilisimama lamboni nikapaza sauti ili wote wasikie, "Ukifika Kilole umsalimie!" Naye akajibu, "Nitamsalimia mpaka akusahau!" Tukacheka, foleni nzima ikacheka. Nilifikiri tunacheza.

Mahindi yalikuwa yanakauka tulipojua kwamba ana mimba. Mke wa mjomba aliona kwanza, kama akina mama wanavyoona. Kwetu msichana akipata mimba nyumbani haulizwi na baba yake. Anaketishwa mkekani mbele ya wanawake wa ukoo, na anatakiwa amtaje mwanamume mara moja tu. Akishamtaja, halirudishwi neno; wazee hulichukua na kutembea nalo mpaka kwa watu wa mwanamume. Niliitwa nami, na sikujua kwa nini. Walikuwepo bibi yetu, ambaye ni mzaa mama wangu na mzaa baba wake, mama yangu na mke wa mjomba. Ilikuwa asubuhi, uani, kuku wakidonoa pumba.

"Mtaje," bibi alisema.

Binamu yangu alikuwa ametazama mkeka. "Fundi wa Korogwe," akasema.

Sikuelewa. Nakumbuka nilimwangalia nikitegemea ataongeza neno la utani, kwamba atacheka. Wanawake wote watatu walikuwa wananitazama mimi.

"Fundi yupi?" bibi akauliza, ingawa alijua.

"Huyo huyo. Nilipeleka salamu nilizotumwa. Basi."

Mama alijishika kifua. Mke wa mjomba akaanza kulia kimya kimya. Na mimi, badala ya kulia, nilisikia mdomo wangu ukifunguka, nikasema, "Bibi, mtu huyo nilimtunga. Sina mchumba. Sijawahi kuwa na mchumba. Hakuna fundi."

Nilifikiri neno lile litaanguka kama jiwe kisimani. Halikuanguka. Bibi alitikisa kichwa akinihurumia.

"Mwanangu, uchungu huo naujua. Lakini kumkana mtu hakumfuti."

"Bibi, wallahi nilimtunga! Kitambaa cha njano nilinunua mwenyewe Mkata. Salamu nilizitunga. Yeye anajua, nilimwambia juu ya dungu. Mwulize!" Nikamgeukia binamu yangu. "Sema. Si nilikwambia?"

Aliinua macho. Kwa muda mfupi nilimwona yule wa dungu, na nikaamini atasema. Kisha akasema, polepole, "Siku zote nilimwita mume wetu. Mlidhani natania. Hata mwenyewe nilidhani natania."

Bibi akaguna. Mke wa mjomba akazidi kulia. Mama akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Usimfiche mtu aliyekudhalilisha. Nyamaza, utaonekana una wivu." Nikanyamaza. Ningefanya nini? Nilikuwa nimewafundisha kumjua mtu yule kwa muda mrefu mno. Walijua chakula asichokula.

Nilimfuata kesho yake shambani, alipokuwa akivunja mahindi mstari wa mwisho. Nilimwuliza neno moja tu. Kwa nini yeye, fundi wangu?

"Ningemtaja nani?" Hakuacha kuvunja. "Mwenye funguo?"

Mwenye funguo alikuwa bwana aliyeshika funguo za duka la kijiji, mwenye wake wawili na sauti kubwa mikutanoni. Sukari ilipopatikana, yeye ndiye aliyejua nani apate. Sikuwa nimejua. Nilipojua, nilijua vyote kwa pamoja.

"Ameshaniambia nikimtaja atakana," alisema. "Na watamwamini yeye. Wasipomwamini, nitapelekwa kwake mke wa tatu. Chagua wewe."

"Ungeniambia kwanza."

"Ungekubali?"

Niliinama nikaokota hindi lililomdondoka.

"Wewe wako ni wa maneno. Mimi nina tumbo," alisema. "Maneno unaweza kutunga mengine."

"Nilikwambia wewe peke yako. Dunia nzima, wewe peke yako."

Akatupa hindi kwenye tenga, akajipangusa mikono. "Na baiskeli nilimpa mimi," alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayedai fungu lake kwenye urithi.

Mjomba na mzee mwingine wa ukoo walipanda basi pale Mkata. Kama baba alikwenda kudai heshima ya binti yake, na kama mjomba alikwenda kudai yangu. Hakuna mtu aliyewahi kupanda basi lile na mzigo mzito kuliko wake. Mimi nilifurahi walipoondoka. Nilijisemea wakifika Kilole wataulizia, wataambiwa hakuna mtu kama huyo, watarudi, na ukweli wangu utakuwa umeletwa na mdomo wa mjomba, mdomo ambao hakuna aliyeubishia.

Walirudi wamechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mjomba hakuingia ndani. Aliketi kizingitini akavua viatu.

"Tumefika," alisema. "Kila mtu anamjua. Msambaa, fundi wa mkonge, mwembamba, ana baiskeli, anakohoa. Wamesema alikuwa amepanga pale, amehama hivi karibuni. Wakatuelekeza Makuyuni. Makuyuni tukaambiwa alikuwa akilima huko, ameshapanda milimani." Akatema mate pembeni. "Mtu yule amekimbia. Amepata habari kwamba tunakuja."

Bila shaka walimjua. Mashamba yote ya mkonge yalijaa mafundi wanaokohoa, na nusu yao walitoka milimani, na kila siku mmoja wao alikuwa anahama. Nilitaka kusema hivyo. Lakini mjomba aliinuka, akaweka kiganja juu ya kichwa changu, yeye ambaye hakuwahi kunigusa tangu nivunje ungo, akasema, "Pole, mwanangu. Alikuwa mtu mbaya." Na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilimchukia mtu yule kwa kuhama bila kuniaga. Nililia kama wanawake wanavyolia wakiachwa. Nililia kwa ajili ya mlango wa bluu na mkono uliofunika mdomo. Alikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho sikuazimwa na mtu, na mtu niliyempa siri yake alikuwa ameninyang'anya kama nguo, akamvaa yeye mwenyewe.

Kabla mahindi hayajaisha kuvunwa walikuwa wameshatunga wimbo. Waliuimba kwenye shamba la kijiji, mstari wa wanawake ukisonga pamoja:

"Fundi wa Korogwe, umekwenda wapi?
Mmoja umemwachia tumbo,
Mwingine umemwachia chaki!"

Ulikuwa na mahadhi mazuri. Nilijikuta nikivunja mahindi kwa mapigo yake. Mama alikuwa mstari uleule, na hakuimba, na hakucheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko chake cha zamani, kwa sababu safari hii hakujaribu hata kunifichia. Binamu yangu alipewa kazi nyepesi, akaletewa maembe mabichi na udongo wa kula. Yeye alikuwa amedanganywa na mtu wa mjini. Mimi nilikuwa nimeporwa. Anayedanganywa huhurumiwa. Aliyeporwa huimbwa.

Kwenye mkutano wa kijiji mwenye funguo alisimama. Alisema vijana wa mjini ni wahuni, wanakuja kuharibu nguvu kazi ya vijiji vyetu, na wazazi tuwe macho na mabinti zetu. Watu wakapiga makofi. Mimi na binamu yangu tulikuwa tumeketi jamvi moja, magoti yetu yakikaribia kugusana. Naye akapiga makofi. Nilimtazama mikono.

Ningeweza kusema. Nimejiuliza sana kwa nini sikusema juu ya mwenye funguo, na jibu si wema. Nilikuwa nimesema ukweli mara moja, mbele ya watu wanaonipenda kuliko wote duniani, na nikaambiwa nina wivu. Sikuwa na ukweli wa pili wa kupoteza.

Mtoto alizaliwa mvua zilipoanza, wa kiume. Siku za kwenda kumwona mzazi zilipofika, mama alinivuta mkono twende, kwa sababu kutokwenda kungesema zaidi. Chumba kilijaa wanawake na harufu ya moshi na mafuta ya nazi. Walikuwa wakinywa uji wa pilipili manga na kupokezana mtoto. Aliyekuwa amempakata nilipoingia alikuwa mke mkubwa wa mwenye funguo, mwanamke mpole, mzito wa kushika herufi, aliyekuja kisomo bila kukosa hata siku za mvua. Alikuwa akimbembeleza kana kwamba ni mjukuu wake.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwalimu wangu. Njoo uone." Akamfunua mtoto uso. "Hebu tuambie wewe uliyemjua. Amefanana na baba yake?"

Vikombe vikatulia. Binamu yangu alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, kanga mabegani, na aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkeka. Nilimwinamia mtoto. Hakuhitaji kutafutwa. Masikio yale yaliyochomoza kwa juu, lile paji lililobonyea katikati, nilikuwa nayaona kila siku nyuma ya kaunta ya duka la kijiji, na mwanamke aliyempakata alikuwa anaamka nayo kila asubuhi. Hakuyaona. Alikuwa ananitazama mimi, akingoja, na tabasamu la mwanafunzi anayesubiri mwalimu asome neno asiloliweza.

Ningesema hafanani, lingekuwa neno la kweli. Wangeanza kumtazama mtoto upya, mmoja mmoja, na wa kwanza kuona angekuwa yeye.

"Amefanana naye," nilisema.

"Wapi?"

"Hapa." Nikamgusa paji. "Na masikio."

"Ee! Maskini, masikio ya baba yake." Akayafunika kwa kidole, kwa upendo, baridi isimpate. Wanawake wakaguna na kunywa uji. Mtu akasema angalau kijana hakuondoka bila kuacha sura. Ndivyo nilivyomtoa mwanamume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa natoa kitu.

Binamu yangu alishusha pumzi. Machozi yalikuwa yanamshuka, ya kweli, na alisogea akanipisha niketi kitandani. Chini ya kanga aliushika mkono wangu akaubana, kama alivyokuwa akiubana juu ya dungu ngedere wakija. Alitaka nimtazame. Nilijua nikimtazama atadhani nimesamehe, au atadhani tumeanza tena. Nikauacha mkono wangu pale kwa sababu watu walikuwa wanaona. Ulikaa ndani ya wake mpaka uji ukaisha, ukapata joto, ukatoka jasho, na sikuuhisi kuwa ni wangu.